The Pitt sizoni ya 1: yule aliyempiga sista Dana ngumi, lawama iende kwa nani?

#1 Kibarua wa Tandika

Wakuu habari za jioni.

Nimemaliza The Pitt sizoni ya 1. Episodi 15 kwa siku tatu, macho mekundu kama ya dereva wa lori la Tunduma. Kwa ambao hawajaiona: ni idara ya dharura ya hospitali ya kubuni huko Pittsburgh, Marekani, na sizoni nzima ni zamu moja ya siku moja. Kila episodi ni saa moja ya zamu hiyo. Muziki wa kukwambia sasa lia, sasa ogopa, karibu haupo kabisa. Unasikia mashine zinalia na watu wanaitana, basi.

Sasa hoja. Episodi ya 9 sista mkuu wa zamu, Dana, anatoka nje kuvuta sigara, anapigwa ngumi ya uso na mgonjwa anayeitwa Driscoll. Kila nikipita mitandaoni naona Driscoll anatukanwa. Mimi mnisamehe, nilimuelewa. Sijasema kafanya vizuri, nimesema nilimuelewa. Mtu kaja kifua kinambana, kakalishwa kitini, anaona waliokuja nyuma yake wanaingia yeye anabaki. Akiuliza anaambiwa subiri. Saa zinakatika.

Lawama iende kwa nani? Driscoll, hospitali, au waliokuwa wanapanga foleni? Ambao hamjaangalia piteni kushoto, humu utamu unamalizwa.

#2 Chuma cha Reli

Episodi 15 kwa siku tatu na kazini ulienda? Bosi wako ana moyo.

Kuhusu mada: subira yavuta heri, ila pale ilivuta ngumi.

#3 Bint Kigamboni

Mleta mada umeanza vibaya. Kumuelewa nini? Dana hakuwa hata ndani. Alikuwa nje, ametoka kukimbizana na wagonjwa tangu asubuhi, anajitafutia dakika mbili za sigara yake. Jamaa kamfuata huko huko. Na mwenye kifua cha kuumwa hivyo anapata wapi nguvu ya kurusha ngumi ile?

#4 Mzee wa Flashi

Bint Kigamboni hapo umepiga penyewe.

Kwa wasiojua, huyu Dk. Robby, daktari mkuu wa zamu, ni yule Carter wa ER, ile tamthilia ya zamani ya hospitali, amekua na kuota ndevu. The Pitt ni mwendelezo. Carter alichomwa kisu na mgonjwa sizoni ya 5, kwa hiyo habari za wagonjwa kudhuru wahudumu anazijua tangu ujana. Mzigo wote ninao, ER zote na hii, njoo Kariakoo na flashi yako.

#5 Fundi Redio

Mzee wa Flashi unauza mzigo hujauangalia. Carter alichomwa sizoni ya 6, Februari 2000. Na hakuchomwa peke yake, alichomwa na mwanafunzi wake, Lucy Knight, na Lucy ndiye aliyekufa. Aliyewachoma alikuwa mgonjwa wa akili ambaye daktari wa akili alikuwa hajashuka kumuona. Yaani hata kule chanzo ni kusubiri.

Na si mwendelezo. Mwigizaji ni yuleyule, Noah Wyle, na watengenezaji baadhi ni walewale, John Wells na R. Scott Gemmill. Mjane wa Michael Crichton, aliyeibuni ER, alifungua kesi 2024 akidai hii ni ER iliyobadilishwa jina. Wenyewe wanakataa.

ER ilianza 1994 ikaisha 2009, sizoni 15. Sisi wa DVD za Kariakoo tulikuwa tunaipata vipande vipande. Unamaliza ya 3, unauziwa ya 7, Dk. Ross kaenda wapi hujui.

#6 Mzee wa Flashi

Ya 6, nimekubali. Flashi ikijaa na kichwa kinajaa. Bei haibadiliki lakini.

#7 Mwalimu Mstaafu

Vijana, kuna kitu hamjakiona. Kila episodi imepewa jina la saa. Ya kwanza kwa saa zao ni 7:00. Kwetu hiyo ni saa moja asubuhi. Ya pili, saa mbili. Dana anapigwa episodi ya 9, na ni saa tisa alasiri. Kwa Mzungu hesabu haikai, kwa Mswahili namba ya episodi ndiyo saa yenyewe. Ya 12 ni saa kumi na mbili jioni, ndipo majeruhi wa risasi kutoka tamasha la PittFest wanaanza kumiminika, wakati zamu ilitakiwa iishe saa moja usiku. Ukivuka hapo unaanza kuhesabu upya: ya 13 ni saa moja.

Nilimweleza mke wangu haya yote, akaniambia nizime taa.

#8 Chuma cha Reli

Mwalimu hii imenifurahisha kuliko tamthilia yenyewe. Shikamoo.

#9 Dokta Mchungu

Mimi ni intani, hospitali siitaji. Niseme mawili.

Driscoll hakusahauliwa. Aliyeangalia kwa makini anajua alipimwa mapema. Mtu wa maumivu ya kifua anapimwa ECG, yaani umeme wa moyo, na damu, na kwenye damu tunatafuta troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia. Tabu yake ni kwamba inachukua saa kadhaa kupanda. Kipimo cha kwanza kikiwa safi hujamaliza kazi, unamkalisha, unarudia. Kile kiti alichokuwa anakilaani kilikuwa sehemu ya matibabu. Kilichokosekana ni mtu wa kuinama mbele yake dakika mbili amweleze hivyo kwa maneno ya kumwingia.

La pili, foleni ya mapokezi haianzii mapokezi. Vitanda vya dharura vimekaliwa na watu ambao kwa karatasi wameshalazwa, wanangoja nafasi wodini. Juu hatoki mtu, chini haingii mtu. Zamu ikiwa changa kabisa Robby ameshagombana na bosi wa hospitali, Gloria, kwa jambo hilohilo. Wodini kinachokosekana si chuma na godoro, ni manesi.

#10 Kibarua wa Tandika

Dokta nimekusoma. Kwa hiyo ngumi ilikuwa ya Gloria, ikatua kwa Dana?

#11 Mpemba Halisi

Gloria naye kaajiriwa. Tazameni pesa.

Marekani kuna sheria ya mwaka 1986 inayozilazimisha idara za dharura kumpima kila anayefika na kumtuliza hali yake kama ni ya hatari, ana hela hana hela. Sheria nzuri wallahi. Lakini asiye na bima, asiye na daktari wake wa kawaida, anakwenda huko huko hata na kikohozi cha wiki mbili. Nyumba ina milango kumi, tisa imefungwa, halafu tunauliza kwa nini watu wanasukumana mlango wa kumi.

#12 Dokta Mchungu

Mpemba nakubali nusu. Mwenye kikohozi anajaza kiti, hajazi kitanda. Driscoll alikosa kitanda. Na sheria hiyo inazibana hospitali zinazopokea malipo ya Medicare, bima ya serikali yao ya wazee, ingawa hizo ni karibu zote.

#13 Bint Kigamboni

Mbona Dk. Mohan hamumtaji? Wenzake wamempa jina la utani kwa ajili ya upolepole wake, na Robby mwenyewe kamkalisha chini kumwambia anaona wagonjwa wachache. Mimi nampenda, anamsikiliza mtu mpaka mwisho. Ila kila anapoongeza dakika kumi kwa mmoja ndani, huko nje yupo Driscoll anatazama saa.

#14 Fundi Redio

Kinyume chake. Mohan ndiye angefaa kumhudumia Driscoll. Angeelezwa mpaka aombe kurudi kitini mwenyewe.

#15 Sista wa Zamu

Nimewasoma kimya kimya tangu juzi. Mimi ni nesi wa dharura, hapa hapa Dar, miaka 11. Msinikisie ni hospitali gani.

Kibarua umeuliza wanaopanga foleni. Sisi hatumwangalii aliyewahi kufika, tunamwangalia atakayewahi kufa. Kuna kipimo kinaitwa SATS, kilianzia Afrika Kusini. Unapima pumzi, mapigo, presha, joto, anajitambua au hajitambui, katembea mwenyewe au kabebwa, kila kimoja kina alama zake, unajumlisha, unapata rangi. Nyekundu anaingia papo hapo. Rangi ya chungwa ndani ya dakika 10. Njano ndani ya saa 1. Kijani ndani ya saa 4. Hizo ni za kwenye ukuta. Jumamosi usiku bodaboda zikianza kugongana, kijani anakaa mpaka anaota mizizi, na hajui kuwa yeye ni kijani. Anachojua alifika wa kwanza.

Mwaka juzi kijana alimleta kaka yake, saa nne usiku. Nikampima, nikampa njano. Haikupita nusu saa akabadilika. Tukamwingiza, tukapambana naye, akafariki. Nilipotoka kumwita mdogo mtu aje aonane na daktari, aliniona usoni akajua. Alinyakua faili mezani, lile gumu lenye kibanio cha chuma, akanipiga nalo. Kibanio kikanipata juu ya jicho. Nilishonwa nyuzi tatu palepale kwenye kitanda alichotoka marehemu, mpira wa godoro bado una unyevu wa dawa, unanata mgongoni. Nikarudi mezani kwangu kwa sababu tulikuwa wawili.

Asubuhi yule kijana akaja kufuata karatasi za kuchukulia mwili. Namkabidhi mwenzangu zamu, nina bandeji usoni. Akanisalimia: "Shikamoo sista." Nikamwitikia marahaba. Hakunikumbuka.

Dana aliporudi kazini na ule uso wake uliovimba, nilizima simu nikaenda kufua.

#16 Chuma cha Reli

Pole sana sista. Hapa sina utani.

#17 Mwalimu Mstaafu

Pole mwanangu.

#18 Kibarua wa Tandika

Pole dada. Nami ngoja niseme, maana nilizunguka tu kule juu.

Nilimuelewa Driscoll kwa sababu nimewahi kukaa kwenye kiti kile. Mama mdogo aliteleza bafuni, tukafika hospitali moja saa tatu usiku. Nikapewa kikaratasi cha namba, 47. Nikawa nakikunja na kukikunjua, kwa jasho wino ukahamia kwenye kidole gumba, ukikiangalia unaiona 7 imegeuka. Mama mdogo kalala kwenye benchi kaniwekea kichwa mapajani, halii, anahema tu kwa meno. Namba zikawa zinaitwa bila mpangilio. Mara 60, mara 31.

Akapita nesi ana chapati imefungwa kwenye gazeti, anaikata kwa vidole huku anatembea. Nikasema kwa sauti, benchi zima likasikia: "Sisi tunakufa hapa, nyie mnakula." Hakunijibu. Aliikunja ile chapati akairudisha mfukoni.

Baada ya kusoma bandiko #15 nimejiuliza alikuwa hajala tangu saa ngapi. Ila mama mdogo nyonga ilikuwa imevunjika, na mtu wa kwanza kuugusa mguu wake aliugusa saa kumi alfajiri.

#19 Bint Kigamboni

Saa saba! Na hakuna hata aliyekuja kusema "mama tumekuona, tunakuja"?

#20 Kibarua wa Tandika

Aliyekuja ni mlinzi, kutuambia tusogee, wanapiga deki.

#21 Sista wa Zamu

Nyonga kwa mama mtu mzima, hata kama si nyekundu, dawa ya maumivu hapaswi kuingojea saa saba. Hapo siwatetei.

#22 Dokta Mchungu

Naunga mkono #21. Lakini tukumbuke tunalinganisha na kitu kikongwe. ER ilipoanza kurushwa 1994, huko kwao dharura ilishakuwa na madaktari bingwa wake. Kwetu idara kamili ya dharura pale Muhimbili ilifunguliwa 2010, na masomo ya ubingwa wa fani hiyo yakaanza MUHAS, chuo cha Muhimbili, mwaka huohuo. Wakati ER inamaliza sizoni zake zote 15, sisi bado hatujaanza ya kwanza.

#23 Mpemba Halisi

Dokta, tupo hapo hapo. Mbona kwenye The Pitt moyo ukisimama, mstari umenyooka, hawachukui zile pasi mbili wakampiga mtu shoti akaruka? Nilikuwa nangoja mpaka nikachoka.

#24 Dokta Mchungu

Kwa sababu mstari ulionyooka haupigwi shoti. Shoti ni ya moyo unaotetemeka ovyo ovyo, unaustua ili uanze kupiga kwa mpangilio wake. Uliolala kabisa unaukandamiza kwa mikono na kumpa adrenalini. Muvi nyingi zimewadanganya. Nina mjomba aliwahi kunifokea wodini, "mpigeni umeme!", nesi akadhani anataka jenereta liwashwe.

#25 Chuma cha Reli

Haya, turudishe utani kidogo. Majeruhi wote wale wa risasi, Robby kawavisha bangili za rangi mikononi, Dk. Abbot anatibu watu huku anajitoa damu yake kwenye mfuko uliofungwa mguuni, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa akafuate PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi.

#26 Sista wa Zamu

Anatibiwa kwanza, PF3 inafuata. Usiwatishe watu wakafia njiani kwenda kituoni.

#27 Mwalimu Mstaafu

Hamjagusa Korona. Siku ile ya zamu ni kumbukumbu ya kifo cha Dk. Adamson, mwalimu wake Robby, aliyekufa enzi hizo za Korona. Ndiyo maana Robby anakuja kuanguka kwenye kile chumba cha watoto chenye picha za wanyama ukutani. Mimi naona ngumi ya Driscoll inatoka huko. Dunia nzima imetoka kule na hasira za karibu.

#28 Fundi Redio

Mwalimu kwa heshima zote, Lucy Knight alichomwa 2000. Korona ilikuwa wapi?

#29 Mwalimu Mstaafu

Yule alikuwa mgonjwa wa akili. Huyu alikuwa na akili zake timamu. Usifananishe.

#30 Bint Kigamboni

Akili timamu hampigi sista. Nimerudi palepale, sitoki.

Halafu huyu mama aliyeigiza Dana, Katherine LaNasa, alichukua tuzo ya Emmy 2025 kwa sizoni hii. Wyle naye kachukua, na tamthilia yenyewe ikachukua ya tamthilia bora. Ngumi imelipa.

#31 Mzee wa Flashi

Sizoni ya 2 ilianza Januari 2026, zamu ya siku ya uhuru wao, Julai 4. Dana yumo. Ninayo. Sisemi zaidi.

#32 Kibarua wa Tandika

Umeshasema. Mwisho wa ya kwanza tuliachwa hatujui kama atarudi kazini, wewe umemaliza kwa neno moja.

#33 Fundi Redio

Sista, samahani kama nauliza lisilonihusu. Yule kijana ulimfikisha popote?

#34 Sista wa Zamu

Hapana. Askari wa pale hospitali aliniletea PF3 yangu mwenyewe. Ipo kwenye droo ya nyumbani, chini ya risiti za umeme, haijajazwa hata jina.

Naingia zamu sasa hivi. Mzee wa Flashi, hiyo sizoni ya 2 niwekee, nitapita kesho nikitoka.

#35 Mzee wa Flashi

Sista kwako bure. Njoo na flashi yenye nafasi tu.

#36 Chuma cha Reli

Mimi nina kovu la pasi. Nami bure?